Laptopu haikuwa imechoka, ni diski

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa 2023, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikaa kwenye benchi la steshenari yangu hapa Kihonda, Morogoro, tangu saa nne asubuhi. Karatasi zake zilikuwa tayari: serikali ya mtaa wameshasaini, wakili ameshagonga muhuri, cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA. Kilichobaki ni kuskani kurasa mbili na kuzipandisha kwenye mfumo, kazi ya dakika tano. Laptopu yangu ikawa inazungusha kale kaduara tu. Nikifungua brauza, inaganda. Nikifungua folda ya skana, skrini inapauka. Saa sita na nusu akasimama, akaniambia kwa upole, "Dada, ngoja nikajaribu kule barabarani, gari langu la kurudi Mikumi ni saa nane." Akaondoka na bahasha yake ya kaki.

Siku ile chakula cha mchana hakikupita. Mtoto ametoka Mikumi kwa nauli ya kuunga, amenikuta mimi nimeweka kibao nje kwamba nasaidia maombi ya mkopo, halafu nimempotezea saa mbili na nusu.

Mashine yenyewe ni Dell Latitude E6430, nilinunua mtumba 2019: prosesa ya i5, RAM GB 4, diski ya GB 500. Fundi niliyempelekea aliiwasha, akaiangalia kidogo, akasema imechoka, tafuta nyingine. Nyingine ilikuwa kama laki sita. Mimi nilikuwa na laki moja na ishirini, na hapo kodi ya fremu inakaribia.

Jioni nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ile Task Manager, dirisha linaloonyesha kila kifaa ndani ya mashine kinafanya kazi kiasi gani, ikafunguka baada ya muda wake. Prosesa asilimia 6. RAM asilimia 71. Diski asilimia 100, na haishuki. Kilichonishangaza ni mwendo wake: MB 1.3 kwa sekunde. Inawezekanaje kitu kifanye kazi kwa nguvu zake zote na kinachotoka ni hicho?

Nilikuja kuelewa hivi. Ndani ya diski ya aina ile kuna visahani vinavyozunguka na mkono mwembamba unaosoma, mithili ya santuri za babu. Yangu ilikuwa ya mizunguko 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ukisikia hivyo utasema ni kasi, lakini mafaili ya Windows ni madogo madogo na yametawanyika. Kwa kila kafaili mkono usogee, kisha usubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa, na hapo zinakwenda milisekunde 10 hadi 20 hivi. Kwa sekunde nzima inaokota vipande 60, labda 100 ikijitahidi, wakati Windows ikiwaka inahitaji maelfu. Mkono hautulii, ila unachobeba ni kiduchu. Diski ya aina nyingine, SSD, haina mkono wala sahani, ni chipu tupu, na kuokota kafaili kunachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Kwa hiyo prosesa yangu, ambayo watu walishaizika, ilikuwa imekaa tu ikisubiri kuletewa kazi.

Mdogo wangu yuko Dar, akapita Kariakoo kunitafutia SSD. Alinipigia kwamba kuna ya TB 1, haina jina linalojulikana, wanauza elfu hamsini. Nikamwambia aiache. Zipo SSD zinazojiandika ukubwa ambao hazina, unajaza mafaili yanapotea. Akachukua Kingston A400 ya GB 240, ya inchi 2.5, shilingi 65,000, akaiweka kwenye basi na nikaipokea Msamvu siku ileile.

Kwenye E6430 unatoa betri kwanza, unaigeuza, na diski imeshikwa na skrubu mbili tu. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili kichwa kilikuwa kimelika, bisibisi inazunguka bure. Nilihangaika nayo mpaka kiganja kikaota alama. Mwisho nikachukua rababendi pana, ile ninayofungia mafungu ya karatasi, nikaiweka katikati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza kwa uzito wa mwili na kuzungusha pole pole. Mpira ukajaa kwenye zile alama zilizolika, ukashika. Ikalegea. Diski ikavutika ubavuni pamoja na fremu yake, kama droo, bado ina uvuguvugu. Mpya ni nyepesi kiasi kwamba niliitikisa nikidhani kasha ni tupu.

Windows nilipiga upya kwa flashi ya GB 8, bando la usiku la kushushia. Dell unabonyeza F12 ikiwaka, unachagua flashi. Ilipouliza ufunguo wa leseni nilichagua kwamba sina. Ilipoingia mtandaoni ikajitambua yenyewe, maana leseni ilikuwa imeshafungamana na ubao mama, na ubao haukubadilika.

Kabla sijaitoa ile ya zamani nilipima kwa saa ya simu. Kubonyeza swichi hadi Word kufunguka: dakika 6 na sekunde 10. Na mpya: sekunde 31. Nilizima nikawasha tena mara tatu, siamini.

Wiki mbili baadaye niliongeza RAM ya GB 4, na hiyo nayo nilihisi tofauti, hasa brauza ikiwa na kurasa nyingi. Ila kama hela ni ya kitu kimoja na Task Manager inaonyesha diski 100 huku RAM haijajaa, anza na diski. Na ukishaweka SSD usiipige defragi, yaani kupanga upya mafaili yaliyotawanyika, haina visahani vya kupangia.

Mashine bado naitumia. Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo mambo ya mtandaoni nimeyahamishia kwenye mashine nyingine. Dell inataipu na kuprinti, na mitihani ya shule tatu za jirani inapita humo.

Diski ya zamani nimeivalisha kasha la USB la elfu kumi na tano. SSD ikifa haikuonyi kwa kelele, kwa hiyo kila Ijumaa nikifunga naichomeka, nanakili kazi za wiki. Inachukua kama robo saa. Inanguruma pale mezani, mimi nafagia.