Siku Kumi na Moja za Shangazi

Shangazi yangu alishuka matatu ya kutoka Luanda, kule Vihiga, jioni ya Jumanne moja, akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili na magazeti manne chini ya kwapa. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kifo cha marehemu mumewe, nakala za vitambulisho vyao wawili na barua ya chifu. Magazeti alikuwa ameyanunua kwa sababu alisikia kanisani kwamba shemeji zake wameomba mahakamani wapewe usimamizi wa mirathi ya kaka yao, na kwamba habari hiyo "imeshatoka gazetini." Alikuwa ameyapekua yote, mpaka kurasa za michezo, asione jina la mumewe.

Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Neno ni lile lile. Gazeti analoliuza kijana pale stendi ni gazeti, na Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo Serikali hulitoa kila Ijumaa na ambalo raia wengi hawajawahi kuligusa, nalo ni gazeti. Humo ndimo huchapishwa matangazo ya mirathi. Sheria ya Urithi, kifungu cha 67, inataka tangazo hilo liwape watu wenye pingamizi muda usiopungua siku 30 tangu siku ya kuchapishwa, na kifungu cha 66 kinamtaja mjane au mgane kuwa wa kwanza katika orodha ya wanaofikiriwa kupewa usimamizi. Kwa hiyo mwanamke ambaye sheria imemweka mbele ya shemeji zake alikuwa akihesabiwa siku asizozijua, katika chapisho asilolijua, kwa lugha asiyoisoma.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amekwenda saiba, duka la intaneti, huko kwao. Kijana wa saiba alimtoza shilingi 300, akamfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaandika jina la marehemu kwenye sanduku la kutafutia, kisha akamwambia, "Mama, haipo." Na kwa kuwa shangazi hakuwa na barua pepe, yule kijana aliweka ya kwake. Nilipoisoma karatasi aliyochapishiwa, nikakuta akaunti yenye nambari ya kitambulisho cha shangazi imeunganishwa na anwani ya mtu ambaye hata jina lake la pili hatulijui.

Asubuhi ya Jumatano tulikwenda maktaba ya umma. Sikumtafutia nyumbani kwenye kipakatalishi changu, ingawa ningeweza, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili wala si mtu wa sheria, na nilihofia kumwambia tena "haipo" kwa sauti yenye ujasiri kuliko ya yule kijana.

Mkutubi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, hakugusa kibodi kwanza. Alimkaribisha shangazi kiti, akamuuliza marehemu aliandikwaje kwenye kitambulisho na huko nyumbani aliitwaje, shamba liko wapi, na habari hii aliisikia lini. Ndipo akafungua tovuti ya Kenya Law, ambapo sheria zetu, hukumu za mahakama na matoleo ya Gazeti Rasmi husomwa bila malipo. Aliandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Haikutokea kitu. Shangazi akaanza kukusanya karatasi zake.

"Subiri, mama," mkutubi akamwambia. "Hapa jina huandikwa jinsi mwombaji alivyoliandika, si jinsi wewe unavyolijua."

Akaacha kutafuta jina. Akafungua toleo la Ijumaa iliyopita, akashuka taratibu hadi kwenye matangazo ya mirathi, ambayo hupangwa kwa mahakama, akatafuta Vihiga, akasoma kila tangazo kwa kidole chake juu ya kioo. Halimo. Akafungua la Ijumaa iliyotangulia, halimo pia. Katika la tatu kidole kilisimama. Jina lilikuwa lile, isipokuwa herufi moja: S imekaa mahali pa Z. Kijiji ndicho, tarehe ya kufariki ndiyo, na waombaji wawili walikuwa wale shemeji. Zilikuwa zimepita siku 19. Zilibaki 11.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, tena kile cha mahakama ambacho hata mwenye digrii hukisoma mara mbili. Mkutubi alilisoma kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, akisimama kila baada ya moja ili shangazi airudie kwa maneno yake mwenyewe. Walipofika kwenye neno la pingamizi, shangazi aliuliza kama kupinga ni kuwashtaki shemeji zake. Akajibiwa kwamba ni kuiambia mahakama ndani ya muda uliowekwa kuwa naye yupo, na kwamba namna ya kuliandika ombi lenyewe aulize kwenye masjala ya mahakama au kwa wakili, kwa kuwa mkutubi hatoi ushauri wa kisheria. Nilipenda sana mpaka ule. Alijua kazi yake inaishia wapi.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaitia haki hiyo nguvu. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa kipimo cha karatasi, shangazi alikuwa ameshapewa kila kitu, kwa sababu tangazo lilichapishwa, likawekwa mtandaoni, likasomeka bure. Wanaopanga mifumo hii huhesabu kazi imekwisha hapo. Mimi naona hapo ndipo inapoanza, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba maktaba imepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu ana simu. Shangazi ana simu. Alikuwa nayo mfukoni siku zote 19.

Shuleni tuliyaona hayo. Mwaka 2013 Serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 vishikwambi vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Najua shule ambako viligeuka mali ya stoo, vikahesabiwa kila muhula kama viti, kwa kuwa fedha zilikwenda kwenye kifaa na mtu wa kukaa kando ya mtoto akawekewa semina ya siku chache.

Vijana wa saiba siwalaumu kwa pamoja. Wamewajazia Wakenya fomu za HELB, za mikopo ya wanafunzi wa vyuo, na kila mwaka tarehe 30 Juni inapokaribia, wao ndio wanaokesha na foleni za ritani za kodi za KRA. Lakini wanauza dakika, na mwenye kuuza dakika hana sababu ya kufungua matoleo matatu mfululizo. Vilevile tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na bado nywila za mtaa mzima zimo ndani ya daftari moja la kaunta.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti maktaba, katika aya ile ile inayotaja kamari na leseni za pombe. (Ni rahisi kukisia ni kipi kati ya vitatu hivyo kinachosahaulika wakati wa bajeti.) Kuna jambo ambalo kaunti zetu za magharibi zingeweza kulianza bila tenda wala programu mpya. Kifungu kile cha 67 cha Sheria ya Urithi kinataka tangazo la mirathi libandikwe mahali pa wazi mahakamani na pia litangazwe kwa namna nyingine ambayo mahakama itaagiza. Kila Jumatatu mkutubi angechapisha matangazo ya mahakama za eneo lake, akayabandika kwenye ubao wa maktaba pamoja na muhtasari wa Kiswahili, na nakala ikaenda kwa chifu. Karatasi nne, labda tano.

Kabla hatujaondoka, mkutubi alimfungulia shangazi barua pepe yake mwenyewe. Ilipofika zamu ya nywila alimwachia kibodi, akageuzia uso dirishani, akasubiri. Shangazi alibonyeza kwa kidole kimoja, akinong'ona kila herufi, kisha akainakili nyuma ya kitabu chake cha tenzi. Pingamizi liliwasilishwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili. Akaunti ya eCitizen ndiyo bado imeunganishwa na anwani ya yule kijana. Tumemfuata mara mbili, na mara zote mbili tumeambiwa amehamia Bungoma.