Siku moja ya nyamrerwa (mhudumu wa afya ya jamii) wa Nyalenda, Kisumu, Julai 2020

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Chai, viazi vitamu vya watoto, koti la kazi. Saa moja na nusu niko njiani Pandpieri na daftari langu na kipimajoto.

Nyumba ninazozitembelea ni mia moja hivi. Watu walimwona Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, kwenye runinga kila alasiri wakadhani kazi ya afya ndiyo ile. Aliingia ofisini mwishoni mwa Februari, na tarehe 13 Machi akalazimika kuitangazia nchi mgonjwa wa kwanza wa korona. Mzigo mkubwa ule, na namheshimu kwa kuubeba. Lakini neno lake lilifika Nyalenda kwa miguu yetu. Akisema tunawe mikono, ni mimi ninayesimama mbele ya mama anayenunua maji kwa mtungi na kumwomba atenge ya kunawa.

Hadi saa nne nimepita nyumba kumi na mbili. Homa hakuna. Kibuyu chirizi kimoja cha kunawia mikono kilikatika kamba, nikakifunga.

Saa nne na robo nikafika kwa fundi wa mawe. Majibu yake yalikuwa yametoka maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian: anao ugonjwa, ila hana dalili. Tangu Juni wagonjwa wa namna hiyo waliruhusiwa kuuguzwa nyumbani.

"Nyamrerwa, mimi siumwi."

"Najua, baba. Lakini unaweza kumpa mama watoto."

"Waziri amesema nikae chumba changu peke yangu. Yeye ana vyumba vingapi? Changu ndicho hiki, tunalala sita."

Sikuwa na jibu. Mkewe alikuwa analia kimyakimya mlangoni, na majirani walishaanza kuchungulia. Nikaketi nje juu ya mtungi, barakoa imelowa jasho, nikampigia mwenye ploti. Nilijua ana chumba kitupu anachowekea mbao. Akasema ugonjwa utamfukuzia wapangaji, akakata. Nikapiga tena, akakata. Nikamtafuta mzee wa nyumba kumi. Alikuwa matangani, akaja baada ya saa nzima. Yeye ndiye aliyempigia mara ya tatu, akaongea naye Kijaluo polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Mwenye ploti akakubali majuma mawili, si siku zaidi. Tukahamisha mbao sisi wenyewe, mimi, mzee na mama mmoja jirani ambaye dakika chache nyuma alikuwa anataka fundi aondolewe mtaani. Nampenda mama yule hadi leo.

Mchana sikula. Nyumba zilizofuata nilizipita, daftari linaonyesha hivyo, ila sizikumbuki. Miguu iliwaka. Malipo yetu ya miezi kadhaa yalikuwa bado hayajaja, na kila mlango uliniita daktari.

Alasiri nikapumzika penye kibanda cha muuza mboga. Redio ilikuwa wazi, waziri anasoma hesabu za siku, kaunti baada ya kaunti. Kisumu ikatajwa. Muuza mboga akanipa nyanya tatu, akakataa pesa. Nilisikiliza hadi mwisho nikifikiri kwamba katika nambari zile, za leo au za kesho, yumo mtu ambaye nimembebea godoro.

Nilifika kwangu giza limeingia, kafyu ya saa tatu ikikaribia. Nguo nikazivua uani nikaziloweka, nikaoga kabla sijamgusa mtoto.

Simu ikaita. Fundi.

"Nyamrerwa, homa sina. Lakini kesho ukija, watoto hawana unga."

Nikafungua daftari. Kuna mahali pa homa, mahali pa kikohozi, mahali pa rufaa. Pa unga hakuna. Nikaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: unga, kilo mbili, asubuhi.