Begi nililomwachia dereva wa teksi Las Vegas

Mlinzi wa mlangoni aliligeuza begi langu mara mbili, akanirudishia. Haliingii. Nikamwambia limo khanga, sweta, chaja na mkate nilioufunga asubuhi. Akanionesha bango: yanaruhusiwa mabegi ya plastiki yanayoonesha vilivyomo, au kipochi cha kiganjani. Nikauliza pa kuliweka. Hakuna. "Lirudishe kwenye gari lako." Mimi gari sina hata huko Cardiff nilikotoka, nilikodandia basi la alfajiri mpaka Heathrow na kukaa angani saa kama kumi na moja ili niwe pale mlangoni, ukumbi wa Thomas & Mack Center, Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2022, mapambano ya ADCC, mashindano ya dunia ya kukabana bila ngumi, yanaanza na mimi nimekumbatia begi juani.

Nilikuwa nimemfuata Ffion Davies. Ni binti wa Wales, mdogo wa umbo, wakati ule akicheza uzito usiozidi kilo 60. Alianza na judo utotoni, kisha akahamia jiu-jitsu, mchezo wa kukabana chini mpaka mmoja asalimu amri, na mkanda wake mweusi alivishwa na mwalimu wake wa Dublin, Darragh O'Conaill. Mwaka 2019 nilimtazama kwenye simu, zamu ya usiku, nimejibanza chumba cha chai cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mashindano ya ADCC yalikuwa Anaheim, California. Alifika fainali akafungwa na Bianca Basilio wa Brazil, akabaki na medali ya fedha. Nilirudi kwa wagonjwa wangu macho mekundu, mzee mmoja akaniuliza nani amefariki. Usiku ule nilijiwekea nadhiri kuwa mara nyingine nitakuwepo.

Mara nyingine ikawa miaka mitatu baadaye, maana korona ilisogeza kila kitu. Juni mwaka huo wa 2022 Ffion alikuwa tayari bingwa wa dunia wa mkanda mweusi kwa upande wa kimono, ile nguo nzito ya mchezo. Ilibaki hii ya bila kimono, na humo hakukuwa na mtu kutoka Uingereza yote aliyewahi kubeba dhahabu.

Basi nikageuka nyuma. Teksi iliyonileta ilikuwa bado imekwama kwenye foleni ya kushusha watu. Dereva alikuwa Mhabeshi wa makamo. Njiani tulizungumza kidogo tu, nikamwambia mimi wa Zanzibar, akasema aliwahi kumjua Mzanzibari mmoja huko Khartoum. Nilimkimbilia nikagonga kioo. Alinisikiliza, akasema: "Dada, niachie. Ukitoka usiku nipigie, nitakuletea." Nilisimama pale nikimtazama usoni. Mama yangu alinifundisha nisimpe mtu nisiyemjua hata ndoo ya maji anishikie. Nikatoa pasipoti, nikatoa pochi, nikaandika namba yake, nikampa begi. Aliliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda wa kiti kama mtoto. Nikakimbia kurudi mwisho wa foleni.

Pambano la kwanza la Ffion sikuliona. Nilipofika kwenye kiti changu, juu kabisa, lilikuwa limekwisha, na kijana wa pembeni ndiye aliyenihadithia kuwa ameshinda. Pauni zangu zote zile, na kitu cha kwanza nilichokijia nimehadithiwa.

Na pauni zenyewe! Jana yake, Ijumaa, zilikuwa zimeshuka chini ya dola 1.14, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985. Kila nilichogusa kilipanda bei mkononi mwangu. Chumba nilikuwa nimeshakilipia mtandaoni, nikafika mapokezini nikadaiwa ada nyingine ya kila usiku, karibu sawa na bei ya chumba, kwa bwawa ambalo sikuogelea na simu ambayo sikuinua. Nilibishana mpaka nikachoka, nikalipa. Maji ukumbini niliyanywa ya bombani.

Nilikaa hadi usiku nikihesabu watu kwenye ratiba. Wanaume walikuwa na makundi matano ya uzito, kila kundi watu 16. Wanawake mwaka ule walikuwa na makundi mawili tu, kila moja watu wanane. Yaani wanaume 80, wanawake 16. Mashindano haya yalianzishwa Abu Dhabi mwaka 1998 na Sheikh Tahnoon bin Zayed, na wanawake hawakupewa makundi yao mpaka 2005. Mwaka huo naukumbuka vizuri. Mwaka mmoja kabla yake, mimi nina miaka kumi na tatu, ami yangu alirudi likizo kutoka huko huko Abu Dhabi, akanikuta natoka judo na nguo yangu nyeupe begani. Judo Unguja tunayo tangu miaka ya tisini, tuliletewa na mwalimu wa Kijapani, na mimi nilikuwa naipenda kuliko chakula. Ami akasema msichana mkubwa haviringishwi mkekani mbele za watu. Mama hakubisha. Jumamosi iliyofuata sikwenda, na sikwenda tena.

Nilimpigia dereva saa nne usiku, simu imebakiwa na chaji asilimia tatu. Akaniambia nisubiri chini ya taa. Nilisubiri robo saa nikijilaumu, nikaiona teksi inakunja. Begi lilikuwa pale pale kiti cha mbele na mkanda wake. Nyuma alikaa binti yake, miaka kumi na mbili hivi, miwani mikubwa, amekataa kulala mpaka amwone huyo mama aliyevuka bahari kuja kutazama wanawake wanapigana. Anacheza mieleka shuleni. Baba yake alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja mtoto wake kahitimu.

Niliingia nyuma nikakaa naye. Akaniuliza mimi nimecheza nini, nikamwambia judo, zamani. Akasema judo mnashika nguo. Akanyoosha mikono akanikamata kifundo cha mkono wangu wa kulia: mkono mmoja kwenye kifundo, wa pili juu kidogo ya kiwiko, na gumba hakulipitisha upande wa pili, alilibana pamoja na vidole vingine kama ndoano. Akauvuta mkono wangu kifuani mwake akalaza kichwa begani kwangu. Sikuweza kuuchomoa. Mtoto wa kilo thelathini na kitu! Vidole vyake vilikuwa vikavu, na kimoja alikuwa amekizungushia plasta iliyochakaa. "Hapa huna nguo ya kushika," akaniambia, "kwa hiyo unamshika mtu mwenyewe."

Nauli nililipa ile ile ya kwenye mita. Nilimwongezea, akakataa. Nikampa binti ule mkate.

Jumapili nilikwenda mikono mitupu, khanga nimejitanda. Sikukosa kitu. Fainali Ffion alikutana na Brianna Ste-Marie wa Kanada, na kwa kuwa nusu ya kwanza ya pambano hapa haina pointi, watu wasiojua huiona ni ya kusukumana tu. Mimi baada ya usiku ule kwenye teksi nilitazama mikono. Niliona namna Ffion anavyokitafuta kifundo, anakikosa, anakirudia, gumba limebanwa na wenzake. Kelele zilikuwa kubwa, na kuna mtu mbele yangu alikuwa na bendera ya Wales, ya joka jekundu, akiinyanyua kila dakika na kuniziba. Mwamuzi alipouinua mkono wa Ffion juu, nilimkumbatia yule yule mwenye bendera. Wote wawili tulilia, na jina lake silijui mpaka leo.

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye ngazi. Kwetu Unguja kulikuwa kumeshakucha, nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Nikamwambia ameshinda, mama, yule msichana wa Wales ameshinda. Akauliza kama ameumia, nikasema hapana. Akauliza kama mama yake alikuwepo, nikasema sijui, ukumbi ni mkubwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Ile nguo yako ya judo ninayo. Nimefunikia cherehani."