Königsberg na mwezi wa Nyamisati: dakika 15 mbele ya maprofesa

Januari

Ikisiri yangu ya kongamano la maprofesa imekubaliwa. Nimeisoma ile barua mara tatu nikiwa kaunta, kati ya mteja wa plagi na mteja wa propela. Fomu ya usajili ilikuwa na kisanduku cha "Taasisi" ambacho huwezi kukiruka. Nikaandika "Duka la vipuri vya boti". Mfumo haukulalamika.

Niandike hapa mambo yalianzia wapi, maana nikizeeka nitasema niliyagundua peke yangu.

Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia, urefu wake mita 115, mizinga mikubwa 10 ya milimita 105, nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, iliivamia bandari ya Unguja na kuipiga HMS Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga ikitengeneza boila zake. Wanamaji 38 wa Pegasus walikufa. Königsberg ikarudi kujificha kwenye mikoko ya Rufiji, karibu na Salale. Waingereza waliiona huko tarehe 30 Oktoba, na Novemba wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, kujaribu kuziba njia ya kutokea. Lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupanda mto. Wakaleta mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazil. Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikarudi, na siku hiyo Königsberg ikaishia palepale mtoni, Looff mwenyewe akaamuru itobolewe kwa topido.

Hayo yote nilikuwa nayajua kwa miaka, kama mtu anavyojua matokeo ya mechi za zamani. Siku moja nikawa namsimulia mzee mmoja wa Nyamisati, huko delta ya Rufiji, aliyekuja kutafuta impela ya pampu. Akanikatiza.

"Mwezi ngapi hiyo?"

"Julai, mzee."

"Sikuulizi mwezi wa kizungu, mwanangu. Nakuuliza mwezi."

Nilibaki na impela mkononi.

Februari

Jioni tatu za kuhesabu miezi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia, kisha kulinganisha na kalenda ya Hijria. Matokeo yalinifanya nimwamshe mke wangu.

Tarehe 20 Septemba 1914: mwezi umekufa, giza tupu, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) linaingia. Looff aliondoka Rufiji siku moja kabla. Tarehe 6 Julai 1915: siku mbili hivi baada ya robo ya mwisho, yaani maji mafu kabisa, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu. Tarehe 11 Julai: kesho yake mwezi mpya, bamvua tena. Ramadhani ya mwaka 1333, kwa hesabu ya kalenda, ilianza tarehe 13 Julai. Kwa hiyo mizinga ile ya mwisho ililia wakati watu wa delta wako kwenye vunja jungu, karamu za kuukaribisha mfungo. Sijaona mwandishi yeyote wa vita aliyeandika hilo, na sidhani kama aliwahi kuulizwa.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Pwani yetu bamvua hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Maji mafu hujaa kwenye saa nne. Sasa angalia: tarehe 6 zile meli bapa ziliingia mtoni alfajiri, tarehe 11 ziliingia karibu na adhuhuri. Vitabu vinataja saa hizo kama vile admirali alichagua tu. Hakuchagua. Siku zote mbili ziliingia maji yakiwa yanajaa, ili zikikwama kwenye fungu la mchanga maji yenyewe yazinyanyue. Kila mvuvi anaingiza chombo mtoni hivyohivyo.

Machi

Mazoezi ya kuwasilisha. Wasikilizaji: mke wangu, kijana wa dukani na mteja aliyekuwa anasubiri chenji. Nilitumia dakika 31. Nimepewa 15.

Mke wangu alisema niondoe Unguja yote, nianzie Rufiji. Nikabisha siku mbili, nikaondoa. Kijana wa dukani alisema hajaelewa kwa nini ile ya kwanza ilishindikana. Nikamwambia kwa kujiamini sana: maji mafu. Mto ulikuwa hauna kina. Nikaiweka hiyo kuwa hitimisho, kwa herufi nene, slaidi ya mwisho.

(Ningemsikiliza vizuri yule kijana, ningejiokoa.)

Aprili, siku yenyewe

Nilivaa shati la Idi. Kitambulisho cha shingoni kilikuwa na jina langu na chini yake "Duka la vipuri vya boti", na mama mmoja mwenye Daktari mbele ya jina lake alikisoma, akanisoma na mimi, akacheka vizuri, akasema kaka yake ana boti.

Kikao chetu kilikuwa baada ya chakula cha mchana, na kila mtu anajua maana yake. Projekta iligeuza mistari yangu ya buluu kuwa kijivu, kwa hiyo kwenye mchoro wangu maji kujaa na maji kupwa yakawa kitu kimoja. Nikaacha mchoro, nikachukua kalamu na kuchora ubaoni kama ninavyowachorea wateja jinsi pampu inavyovuta maji. Hapo nikaona watu wanainua vichwa. Nilipofika kwenye vunja jungu, mtu wa safu ya nyuma alicheka kwa sauti na wenzake wakageuka kumwangalia. Mwenyekiti akainua kadi ya dakika moja. Nikasoma hitimisho la herufi nene, nikakaa.

Profesa mmoja, mtaratibu, akaomba kuuliza.

"Severn na Mersey zilihitaji kina gani?"

"Mita 1.7, Profesa."

"Na maji mafu yanabakiza kiasi gani mtoni hapo?"

Nilijua jibu kabla sijafungua mdomo. Meli ya mita 1.7 inapita Rufiji hata kwa umande. Bamvua au maji mafu, kwake ni sawasawa, mradi iingie na maji yanayojaa.

Hakunidhalilisha. Alieleza kwa upole kwamba tarehe 6 meli mbili zilipiga kwa pamoja, na ndege iliyokuwa juu ikielekeza shabaha haikuweza kujua kombora lipi ni la nani. Walifyatua zaidi ya makombora 600, yaliyopata hayakufika hata kumi. Mersey nayo ilipigwa ikapoteza watu. Tarehe 11 zilipiga kwa zamu, na ndege ikaendelea kutuma masahihisho hata ilipopigwa na kushuka mtoni. Kisha akasema neno ambalo nimeliandika nyuma ya ratiba ya kongamano: "Umetuletea maji sahihi, ila umeyapimia meli isiyo yake."

Wakati wa chai, mwanafunzi mmoja aliniomba jedwali langu la mwezi. Nilimpa, nikamwambia afute slaidi ya mwisho.

Aprili, wiki iliyofuata

Meli yenye maji hayo ni Königsberg. Yenyewe ilihitaji zaidi ya mita 5 kuelea. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu karibu mita 1 tu. Kwa chombo kizito namna ile, mlango wa kutokea ulikuwa unafunguka siku chache kila nusu mwezi.

Nikaanza jedwali upya. Kati ya kurudi kutoka Unguja na kuonekana tarehe 30 Oktoba 1914, bamvua lilipita mara mbili: mwezi mpevu wa tarehe 4 Oktoba na mwezi mpya wa tarehe 19. Waingereza walikuwa bado wanaitafuta. Kwa nini haikutoka?

Kwa sababu injini iliharibika. Hilo liko kwenye kila kitabu, nami nililipita kila mara kama nukta. Vyuma vilifunguliwa, vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile mpaka kwenye mikoko. Kwa maneno ya dukani kwangu: chombo kilikuwa juu, kinasubiri spea. Miaka 14 nauza spea na sikuliona.

Ikisiri mpya itawahusu waliobeba vyuma vile, na bamvua mbili zilizopita wakiwa njiani au karakanani.

Nimempigia mzee wa Nyamisati kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akauliza kama impela ya injini yake ya farasi 40 imefika. Haijafika.