Kosta Rika Katika Mwezi wa Mvua

Kila aliyesikia kuwa tunakwenda Kosta Rika mwezi Septemba alituuliza kwa nini tumechagua mvua. Swali lilikuwa na msingi. Kiangazi cha kule huanza Desemba hadi Aprili, na ndipo wageni humiminika na vyumba hupanda bei. Lakini sisi hatukuanza na kalenda ya wageni, tulianza na kasa. Kasa wa kijani hupanda ufuo wa Tortuguero, upande wa Karibi, kutaga mayai kati ya Julai na Oktoba. Upande wa pili wa nchi, kwenye Pasifiki, nyangumi wenye nundu hufika kuzaa katika miezi hiyohiyo wakitokea bahari za kusini. Septemba inawapata wote wawili, nasi tukaiandika kwanza kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Kisha tukaisoma mvua yenyewe. Kosta Rika ina uti wa milima unaoigawa nchi kwa urefu, na mvua ya upande mmoja si mvua ya upande mwingine. Sehemu kubwa ya mwaka pepo hutoka kaskazini mashariki zikiwa zimebeba unyevu wa Karibi, zikaumwaga kwenye miteremko ya huko. Ndiyo maana Tortuguero hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka. Ikifika Septemba na Oktoba pepo hizo hulegea, unyevu huvutwa kutoka Pasifiki, na mambo hugeuka: Pasifiki inalowa, Karibi inapata nafuu. Mtu akikwambia "Septemba ni mvua Kosta Rika," muulize upande gani.

Dada yangu, ambaye hawezi kukaa ufuoni akaridhika, alitaka mto wenye maji makali na kamba za kuning'inia juu ya miti. Mimi nilitaka wanyama. Tulielewana kwa masharti: tuanze Karibi, tupite milimani, tumalizie Pasifiki, na kila kituo tukae muda wa kutosha. Nchi ina kilomita za mraba 51,100 tu, na ukiiangalia kwenye ramani unashawishika kuizunguka yote. Barabara za milimani hazikubali. Corcovado, msitu wa rasi ya Osa ambao tangu 2014 hauingiliki bila mwongozaji mwenye kibali, tuliuacha kwa uchungu, kwa kuwa huko Pasifiki ya kusini mito hufurika msimu huo. Nguo za kukauka haraka, mifuko isiyopenya maji na viatu vya kushika tope vilitangulia mengine yote. Na anayetoka nchi yenye homa ya manjano asisahau cheti cha chanjo. Sindano yenyewe ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Tortuguero haina barabara ya kuifikia. Kutoka San José, mji mkuu, tulipanda basi hadi Cariari, tukapanda jingine hadi gati la La Pavona, halafu boti ikatupeleka kama saa moja kwenye mto unaopinda katikati ya msitu. Nahodha alipunguza mwendo kila alipoona kitu: mamba mdogo juu ya gogo, kima wa kubweka, na mnyama wa polepole wanayemwita perezoso, amejikunja kwenye panda la mti kana kwamba ni kichuguu. Huyu hushuka chini takriban mara moja kwa wiki, kwenda haja tu, kisha hurudi juu.

Usiku wa kasa una taratibu zake, na nilizipenda moja baada ya nyingine. Huendi bila mwongozaji. Unavaa nguo za giza. Simu na kamera hazifiki ufuoni. Makundi huingia kwa zamu, la kwanza saa mbili hadi saa nne, la pili saa nne hadi saa sita, na unasubiri kwenye njia ya nyuma ya ufuo mpaka wapekuzi waseme kuna kasa aliyekwisha kuanza kutaga. Kabla ya hapo hasogelewi, maana akishtuka hurudi baharini na mayai yake. Akianza, haondoki tena.

Tulipiga magoti nyuma yake. Mwongozaji alimulika kwa taa nyekundu, hafifu, ikielekezwa shimoni tu. Mayai yalidondoka mawili mawili, matatu matatu, yakiwa na ute, laini, na yeye akipumua kwa nguvu kati ya dondoko na dondoko. Hutaga yapata 100 kwa mara moja. Joto la mchanga ndilo litakaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume. Alipomaliza alifukia kwa mapezi ya nyuma, akikandamiza kwa uangalifu ambao ulimfanya dada yangu anishike mkono bila kusema lolote. Sikuitamani kamera hata kidogo. Laiti kila ufuo wa kasa duniani ungekuwa na katazo hilo.

Na wanyama hawa wangeweza kuwa wameisha. Archie Carr, mwanabayolojia Mmarekani, alipoanza kuwachunguza pale miaka ya 1950, walikuwa wakichinjwa kwa nyama na mayai yao kukusanywa. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1975. Leo wanakijiji wengi wanaishi kwa kasa aliye hai.

Mto Pacuare ulikuwa zamu ya dada. Jaketi okozi, kofia ngumu, kasia mkononi, na amri ya mwongozaji kutoka nyuma ya boti ya mpira. Korongo lina msitu pande zote na maporomoko yanayomwagika toka juu ya miamba. Katikati ya mikondo mikali kuna vidimbwi vilivyotulia ambapo unaruhusiwa kujitupa majini. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Monteverde, kituo chetu cha milimani, ilitupokea kwa ukungu. Kundi la Wakweka, Wakristo wanaopinga vita, kutoka Alabama nchini Marekani lilihamia huko 1951, likivutiwa na nchi iliyofuta jeshi lake mwaka 1948, na sehemu ya msitu waliyoitenga kulinda chanzo cha maji yao baadaye ikawa sehemu ya hifadhi. Tulitembea kwenye madaraja yanayoning'inia, tukiwa usawa wa vilele, kila tawi limevikwa kuvumwani na okidi. Kilichonigusa zaidi nilikiona njiani: vilima ambavyo zamani vilikuwa malisho na sasa ni miti michanga. Miaka ya 1980 msitu wa nchi ulikuwa umebaki kama robo tu ya ardhi. Sheria ya 1996 ilianza kuwalipa wenye ardhi ili wautunze, sehemu ya fedha ikitoka kwenye kodi ya mafuta ya magari, na leo msitu umevuka nusu.

Uvita, kwenye Pasifiki, kila kitu tulikifanya asubuhi, kwa sababu mvua ya upande ule hupenda alasiri. Tulitazama pia jedwali la maji: fungu la mchanga la hifadhi ya bahari ya Marino Ballena, lenye umbo la mkia wa nyangumi, hutembelewa maji yakiwa yamekupwa tu. Boti ilipokuwa mbali na ufuo nahodha alipunguza moto, na mama akaibuka na ndama wake ubavuni. Ndama aliruka, akaruka tena. Tulirudi nchi kavu saa tano, na wingu lilipopasuka saa nane tulikuwa tumeshakula.

Safari ya kurudi San José tuliipanga ianze alfajiri. Njia ya Cerro de la Muerte hupanda zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, na ukungu wa mchana huko humnyima dereva macho.