Robo ya Nguvu

Radi ilipiga mnara wa redio yetu saa tisa usiku, na alfajiri ilinikuta nikiwa na kandambili miguuni mbele ya mtambo wa kurushia matangazo, nikimtazama fundi mitambo akichomoa moduli ya pili iliyoungua, mojawapo ya vipande vinavyokuza nguvu ya mawimbi. Chumba kizima kilinuka plastiki iliyoshika moto, na kwenye bodi ya moduli ile transista moja ilikuwa imepasuka katikati, ikiacha doa jeusi lililosambaa hadi ukingoni.

"Bosi, tuko hewani," alisema bila kunigeukia, "lakini kwa robo."

Nilidhani amekosea hesabu, kwa kuwa mtambo ulikuwa wa wati 2,000, una moduli nne, na mbili zilikuwa nzima. Ndipo aliponieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu siku niliyoununua: moduli mbili zikizimika, sehemu ya nguvu ya zile zilizobaki hugeuka joto kwenye kiunganishi, kifaa kinachojumlisha nguvu za moduli zote, badala ya kupanda kwenye antena, hivyo nusu ya moduli hutoa wati 500 tu. Waliokuwa karibu na mnara hawakugundua chochote. Waliogundua ni wa pembezoni mwa eneo letu, na kwa bahati mbaya huko ndiko mteja wetu mkubwa wa matangazo ya asubuhi alikokuwa na wanunuzi wake.

Kulipokucha nilimwita mhasibu. Vitabu vyake vilisema tunapata faida, na ankara tulizokuwa tumezituma zingetosha kununua moduli zote nne na chenji ikabaki. Benki, hata hivyo, tulikuwa na mishahara ya mwezi ule na dizeli ya jenereta ya siku chache, basi. Fedha nyingine zote zilikuwa kwa mawakala wa matangazo, ambao hukata kwanza kamisheni yao ya asilimia 15, kisha hulipa baada ya siku 90, au 120 iwapo mtu wao wa malipo yuko likizo, na nijuavyo mimi mtu huyo yuko likizo daima. Upande wa pili hakuna anayesubiri: ada ya masafa hulipwa kabla mwaka haujaanza, kisha kuna pango la mnara, mrabaha wa muziki na umeme, na hakuna hata kimoja kinachopungua kwa sababu saa nzima imepita bila tangazo. Zile sekunde 30 zisizopata mnunuzi nazo haziwekwi ghalani zikauzwa kesho. Kwa miaka mingi nilikuwa nikihesabu wasikilizaji nikidhani ninahesabu fedha.

Bima nilikuwa nimeiahirisha. Makadirio ya kurekebisha waya za ardhini za kinga ya radi nayo yalikuwa kwenye droo yangu kwa miezi mitano, kwa kuwa mwezi yalipoletwa watangazaji wangu wawili walikuwa wameitwa kwingine na nikachagua kuwaongezea mshahara. Fundi aliiona karatasi ile nilipofungua droo kutafuta kalamu. Hakusema neno, na ningefurahi zaidi kama angesema.

Siku ile nzima niliishika simu, nikiwaomba wadaiwa walipe ndani ya wiki moja kwa punguzo la asilimia 10. Mmoja tu alikubali. Yule mteja wa asubuhi alidai, na kwa haki kabisa, kwamba matangazo yake yote ya kipindi cha robo nguvu yarudiwe bure, ikawa muda ambao ungetuletea fedha za ukarabati ndio tunaoutoa kama fidia.

Fedha za mdaiwa yule mmoja zilitosha moduli moja. Fundi alipoipachika, sindano ya kipimo ilipanda hadi karibu wati 1,125, ambazo kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi, ni pungufu ya 2.5 tu ya nguvu kamili, na simu za malalamiko kutoka pembezoni zikapungua. Nafasi ya moduli ya nne aliifunika kwa kipande cha bati alichokikata mwenyewe, ili hewa ya feni isipotelee pale na kuziacha nyingine zikichemka. Ankara ya mwisho ya miezi ile ilipolipwa hatimaye, ada ya masafa ya mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kuwadia, na bati lile likabaki pale pale.