Mfanyakazi hodari hatafutwi wiki ya mwisho ya Aprili

Mei Mosi ikikaribia, ofisi nyingi za Tanzania huhangaika na mambo matatu kwa mpigo: fulana, bango la maandamano na jina la mfanyakazi hodari. Fulana na bango vina bajeti na mtu wa kufuatilia. Jina hupatikana kwenye kikao cha haraka, mkuu wa idara akiuliza, "Mwaka huu tumpe nani?" Swali hilo lina majibu mawili tu: aliye karibu na bosi, au ambaye bado hajapata. La pili linaonekana la haki, kumbe ndilo linaloua tuzo kabisa. Zamu ikishazoeleka, kila mtu anasubiri mwaka wake, na aliyechapa kazi kweli anaambiwa asubiri foleni.

Kazi ianze Januari. Vigezo viwe vitatu au vinne, na kila kada iwe na vyake. Fomu moja yenye "ubunifu" na "uongozi" kwa wote imeshamtoa mlinzi, dereva na mhudumu wa usafi kabla hawajaandikwa majina. Dereva apimwe kwa kitabu cha safari na hitilafu alizoripoti kabla gari halijakwama njiani. Mlinzi apimwe kwa daftari la matukio. Karani wa masijala apimwe kwa muda faili linaochukua kupatikana.

Kisha kila msimamizi aandike mstari mmoja kwa mwezi kwa kila aliyefanya jambo la kutajwa: tarehe, alichofanya, matokeo yake. "Ana bidii na anajituma" ifutwe. Inayotakiwa ni kama hii: "Machi 12, aligundua ankara ya mafuta imeingizwa mara mbili, ikarudishwa kabla ya malipo." Mistari kumi ya aina hiyo inamaliza ubishi ambao kikao cha saa mbili hakiwezi kuumaliza.

Wiki ya pili ya Aprili ipigwe kura ya siri kwa kila idara. Majina mawili ya juu yaende kwa kamati ya watu watano: afisa rasilimali watu, mkuu wa idara mmoja, mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na wawili kutoka kada za chini. Kura ilete majina, daftari lenye mistari ya wasimamizi limpate mshindi. Kura peke yake humpa ushindi mcheshi wa ofisi, na ikipigwa kwa taasisi nzima, idara yenye watu wengi haishindwi kamwe. Jina likitoka, sababu zibandikwe pamoja nalo kwenye ubao wa matangazo, na nakala ya barua iingie kwenye faili binafsi la mhusika, maana huko ndiko watakakoangalia siku ya kupandisha vyeo.

Sasa pesa. Hundi ya mfano, ile kubwa ya kupigia picha, imeacha manung'uniko mengi kwa sababu fedha yenyewe hufuata baada ya miezi, au isifuate. Iidhinishwe kabla ya tangazo na ilipwe pamoja na mshahara wa Aprili. Jingine ambalo wengi hulisahau: zawadi ya fedha kutoka kwa mwajiri ni mapato ya ajira, kwa hiyo inakatwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mwenye mapato ya sh. 800,000 kwa mwezi yanayotozwa kodi akipewa zawadi ya 200,000 anakatwa asilimia 25 ya hiyo zawadi, anabaki na 150,000. Asipoambiwa mapema, ataamini kuna aliyemlia elfu hamsini. Tangazo liseme wazi kama kiasi ni kabla au baada ya kodi.

Hata hivyo, tuzo safi haiwezi kufunika deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, malipo yake yakiwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Pale ambapo ovataimu ya Desemba haijalipwa na watu wanabeba likizo za mwaka juzi, cheti chenye fremu kinachukuliwa kama kejeli, na kusema kweli ni kejeli. Bajeti ikiwa ndogo, lipeni ovataimu kwanza.

Halafu kuna walioshindwa kwenda uwanjani kabisa. Mei Mosi ni sikukuu ya umma. Mlinzi aliye getini na muuguzi aliye wodini siku hiyo wanastahili mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa waliyofanya kazi. Orodha yao ikusanywe Mei 2 na ifike kwa karani wa mishahara siku hiyohiyo. Ikisubiri mwisho wa mwezi, daftari la zamu litakuwa limeshabadilishwa.